Sauti ya Mara ya Tatu

Bi Sada wa Marui hakuwa mtu wa kuitikia ovyo. Ungemkuta uani kwake, huko ndani Kisarawe, amekaa na ungo wake wa mboga, ukasimama nyuma ya ua na kumwita kwa sauti ya asali, asingegeuka. Ukiita tena, angeacha kuchambua na kutega sikio. Ukiita mara ya tatu ndipo angesema "Abee", na hapo angekukaribisha na kukuulizia watu wa nyumbani kwako mmoja mmoja, mpaka ujute kwa nini hukupita zako. Ndivyo alivyolelewa. Kwao ilijulikana kwamba sauti usiyomwona mwenyewe haiitikiwi mara ya kwanza wala ya pili, kwa sababu wasio watu nao huita, ila hawafiki mara ya tatu. Anayefika mara ya tatu ni mtu, tena ni mtu wako.

Wanawe wawili walikulia ndani ya sharti hilo, na mmoja wao akaligeuza mchezo. Khalfani, wa kwanza, alikuwa na tabia ya kujificha kwenye mikorosho wakati mdogo wake Mwamvita anarudi kisimani. "Mwamvita," aliita. Kimya. "Mwamvita." Kisha haiti tena. Mtoto wa kike alibaki amesimama njiani na ndoo kichwani, maji yanamtiririka shingoni, akingoja ya tatu isiyokuja, mpaka kaka mtu ajitokeze akicheka kwa ile sauti yake iliyokwaruza tangu utotoni. Mwamvita alilia, akashtaki kwa mama, Khalfani akachapwa, na kesho yake yakawa yale yale.

Khalfani alipokuwa kijana akaenda Sauzi, Afrika Kusini. Hakwenda kwa ndege. Alishika njia za panya walizoshika wengi wa rika lake, begi moja mgongoni. Alipiga simu akiwa Msumbiji, mtandao ukiwa mbovu. "Halo. Halo. Halo, mama, unanisikia?" Mama akasema anamsikia, simu ikakatika. Basi, ikawa ndiyo hiyo. Hakuna aliyeleta habari za kifo wala za uzima. Utamwekeaje matanga mtu ambaye hujaambiwa amekufa? Na utakaaje kama mtu asiyefiwa? Miaka ikapita juu ya jambo hilo bila kulisogeza, na Bi Sada hakuwahi kutia komeo mlango wa uani, mchana wala usiku, asije mwanawe akakuta pamefungwa.

Mwamvita alikuwa ameshaolewa Kibaha, karani wa masjala katika ofisi ya serikali, mume wake akisafiri na malori ya mizigo. Mara ngapi alimbembeleza mama yake ahamie kwake? Chumba kipo, hospitali ipo jirani, macho ya mama yenyewe yalishaingia ukungu, akiona watu kama vivuli. Mama alikuwa na jibu moja tu.

"Khalfani anajua nyumba hii. Hiyo ya Kibaha haijui."

Ndipo Bi Sada alipoanguka mlangoni mwa jiko, akalala pale tangu asubuhi mpaka Mboni, jirani aliyezoea kumpikia, alipokuja mchana na kumkuta. Hakuvunjika kitu. Lakini Mwamvita hakupata tena usingizi wa kueleweka. Alikuwa akipanga mafaili ofisini huku anamwona mama yake sakafuni, anahesabu nzi. Akaona basi, kama mama haji kwenye macho yake, macho yake yatakwenda kwa mama.

Kwa hiyo akamtafuta Ipyana, fundi wa kamera na intaneti mwenye kibanda pale Maili Moja, kijana wa Tukuyu mwenye maneno mengi na mikono safi. Kamera ilikuwa ya mtumba, yenye kipaza sauti na kichwa kinachozunguka. Kampuni iliyoitengeneza ilikwisha kufa, na programu yake ya kwenye simu ilikufa nayo. Ipyana alisema hilo si tatizo, itafunguka kwenye simu kama ukurasa wowote wa intaneti. Umeme ulikwishafika Marui, nguzo ya mtandao haikuwa mbali, kilichohitajika ni ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, yenye laini ya simu. Akaeleza kwamba laini za kawaida zinachangia anwani moja kama wapangaji wa nyumba moja, mgeni akija hajui agonge chumba gani, akamtafutia Mwamvita laini yenye anwani yake peke yake, ile wanayopewa watu wenye biashara.

Wakaenda wote Marui kwa njia ya Mlandizi. Ipyana alifunga kamera ndani ya ukumbi, ukutani mkabala na mlango wa uani, ikitazama uani, kisha akakaa mkekani na simu yake, akaingia kwenye ruta na kuanza kuandika namba.

"Angalia hapa, dada, ujue kufanya mwenyewe," alisema. "Ruta hii kazi yake ni kukataa. Kitu chochote kinachokuja kutoka nje bila kuitwa, inakirudisha. Sasa sisi tunaiambia, atakayekuja na namba hii, elfu nane, usimrudishe. Mpeleke moja kwa moja kwenye kamera. Hiyo namba ndiyo poti, na tulichofanya ndiyo kufungua poti."

"Na atakayekuja ni mimi?"

"Ni wewe. Na mwingine yeyote atakayekuja na namba hiyo hiyo. Ndiyo maana nakwambia ubadilishe neno la siri. Hili lililokuja na kamera linajulikana dunia nzima."

"Nitalibadilisha nikifika nyumbani," alisema Mwamvita, na hakulibadilisha. Tumsemeje? Hakuwa mzembe, mafaili yake ofisini hayakuwahi kupotea. Ila alijiuliza nani duniani atajihangaisha kumtazama bibi kizee anachambua matembele, na hakupata jibu, akalisahau.

Shida ya kwanza ikawa ya mama mwenyewe. Mwamvita alikaa Kibaha, akafungua simu, akamwona mama yake uani wazi kabisa, mpaka kanga yake inasomeka. Akabonyeza kitufe cha kusemea. "Mama, shikamoo." Bi Sada akakauka. Mkono ulibaki juu ya ungo, uso umegeukia pembeni, midomo inasoma kitu taratibu. Hakuitikia siku hiyo, wala siku iliyofuata. Ikabidi Mwamvita apande tena mpaka Marui, amshike mama yake mkono, amsimamishe chini ya kamera.

"Mama, sauti ikitoka hapa juu, ni mimi. Usiogope. Itikia tu."

"Mimi siitikii kitu kisicho na uso."

"Ni mimi, mama. Mtoto wako."

Bi Sada akaupapasa ule mkono uliomshika. "Basi uite mara tatu," alisema. "Ukiita mara tatu nitaitikia."

Wakakubaliana hivyo, na Mwamvita akarudi Kibaha amefurahi. Miezi miwili mitatu ilikuwa ya raha. Asubuhi kabla ya kazi aliita mara tatu, mama akasema abee, wakaongea habari za usiku. Mchana aliangalia tu bila kusema. Alimwona mama anasali, anasinzia, anamgombeza kuku. Roho yake ilitulia, na kwenye masjala watu wakasema siku hizi amenenepa.

Ndipo Mboni alipompigia simu. Alizunguka kwanza, akauliza watoto, akauliza mvua za Kibaha, halafu akasema, "Dada, sijui nikwambieje. Mama siku hizi anaongea na Khalfani."

"Anaongea naye vipi?"

"Mchana, ukumbini. Anaongea kama mtu anajibiwa. Nikija ananyamaza. Lakini anakula, dada. Anakula vizuri kuliko zamani. Juzi ameniambia nimpake hina."

Mwamvita aliweka simu chini na kufikiri kwamba umri umefika, akili ya mama imeanza kupungua. Akasikitika, akapanga kumpeleka hospitali mwisho wa mwezi. Siku ile ile, wenzake walipokwenda kula, alifungua kamera mezani pake ofisini.

Hakumwona mama. Aliona ukuta. Kisha ukuta ukaanza kusogea, naye Mwamvita hakuwa amegusa kitu, vidole vyake vilikuwa vimeshika kikombe cha chai. Kamera ilikuwa inazunguka yenyewe, taratibu, kama mtu anayekagua nyumba asiyoijua vizuri. Ilipita kwenye mtungi. Ikapita kwenye mkeka na kanga zilizokunjwa. Ikasimama mlangoni mwa uani, pale pasipotiwa komeo, ikakaa hapo. Halafu ikageuka kwa mama yake, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, na picha ikavutwa mpaka uso wa mama ukajaa kioo chote.

"Halo," ilisema sauti ya mwanamume. "Halo. Halo."

"Abee, baba," alisema Bi Sada akitabasamu. "Leo umekuja mapema."

Mama yake alikuwa amevaa kanga mpya, mikono ina hina. Alikuwa anaisimulia ile sauti kwamba mikorosho ya upande wa Chole mwaka huu imepigwa na ubwiri, ule ugonjwa wa unga mweupe, kwamba shangazi yako alifariki, sijui kama nilikwambia, alikutaja mpaka siku ya mwisho. Sauti ikajibu maneno machache kwa upole, katika lugha ambayo Mwamvita hajawahi kuisikia mahali popote. "Eeh," alisema mama, kama aliyeelewa kila neno.

Mwamvita akabonyeza kitufe. "Mama! Si mtu wako huyo!"

Bi Sada akakauka. Tabasamu likamtoka, uso ukageuka pembeni, midomo ikaanza kusoma. Sauti ya mwanawe wa kumzaa ilikuwa imeita mara moja tu, tena kwa ukali, na kwa sharti la nyumba ile ilikuwa imehesabiwa si ya mtu. Yule mwingine aliita mara tatu kama ilivyotakiwa. Mwamvita alitaka kuita tena, lakini kilio kikamtangulia, na machozi yakawa yanadondokea kwenye faili la watu.

Alipotoka kazini alipita kwa Ipyana, naye alipotazama alikuta walioingia kwenye kamera ni wawili. "Mmoja ni wewe," alisema. "Huyu mwingine anwani yake ni ya mbali, nje kabisa ya nchi. Dada, hukubadilisha lile neno?"

Mwamvita aliinamia simu yake.

"Wako watu wana programu zinapita anwani moja baada ya nyingine, mchana kutwa. Zikikuta poti iko wazi, wanajaribu lile neno la kiwandani. Likikubali, wanaingia. Wengine ni wezi. Wengine ni wapweke tu, wanazunguka kutazama nyumba za watu. Na huyo akisema halo mara tatu, anajaribu tu kama kipaza sauti kinafanya kazi. Kila mtu hufanya hivyo."

Mwamvita alishikwa na hasira, na hasira ilikuja na aibu. Kuna mtu, mahali fulani, aliyemwona mama yake akijifunga kanga, akisali, akilia labda. Aliujua mlango usio na komeo. Alijua kwamba yule mzee haoni. Naye aliyemwingiza ni nani kama si yeye mwenyewe, tena akamfunza mama kuitikia? Jioni ile, Ipyana akimwelekeza, alifuta ile namba elfu nane kwenye ruta, akaweka nyingine ndefu isiyo na maana, akabadilisha na neno la siri. Walioingia wakabaki mmoja.

Alitarajia usingizi. Badala yake akawa anamtazama mama yake akingoja. Bi Sada alisogeza kigoda mpaka chini kabisa ya kamera, akakaa amenyanyua uso, na kwa kuwa haoni, macho yake yalipita kidogo pembeni ya kioo, yakawa yanamtazama Mwamvita begani. Mwamvita akiita mara tatu, mama aliruka, akasema "Abee, baba", kisha akitambua ni nani, alisema "Aa, ni wewe." Maneno hayo mawili matatu yalimchoma Mwamvita kuliko tusi. Hina ikafifia mikononi. Mboni akasema chakula kinarudi kama kilivyokwenda.

Mwamvita akaenda Marui kumweleza mama ukweli, na akaueleza wote, ruta, poti, neno la siri, mgeni wa mbali. Bi Sada alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo ulimfungia," alisema.

"Mama, hakuwa Khalfani. Hata Kiswahili hajui."

"Miaka yote hiyo ugenini, si amekisahau?" Akapapasa ukingo wa ungo. "Na ulimuuliza jina?"

Mwamvita hakuwa amemuuliza. Alikuwa karani, kila anayefika dirishani pake humuuliza jina kabla ya salamu kwisha, na huyu aliyekaa na mama yake miezi asiyoijua idadi, hakumuuliza. Alijua si Khalfani. Alijua kwa akili yake yote. Sauti ya Khalfani ilikwaruza, na hii ilikuwa laini. Lakini mtu hubadilika sauti akiugua, akipigwa, akikaa jela miaka. Wazo hilo lilipoingia halikutoka tena, likalala naye Kibaha, likaamka naye, likamfuata masjala.

Jumamosi moja alirudi Marui bila kumwambia Ipyana. Alimsalimia mama, akakaa mkekani na simu yake, akaingia kwenye ruta kama alivyofundishwa. Akaandika elfu nane. Akarudisha neno la kiwandani, lile linalojulikana dunia nzima. Safari hii alijua anachofanya, hakuwa na kisingizio.

"Umemfungulia?" aliuliza Bi Sada.

"Nimemfungulia. Akija nitamuuliza mimi."

Wakakaa wawili ukumbini. Mwamvita alikuwa na swali lake tayari, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, wewe ni nani, unataka nini kwa mama yangu. Hakuja siku hiyo. Jumapili walikaa tena, wakala kisamvu, wakaongea mambo ya zamani, na ilikuwa muda mrefu tangu wakae hivyo. Baada ya sala ya adhuhuri, kile kichwa cha kamera kikatoa mlio mdogo na kuanza kuzunguka. Kikapita mtungi. Kikapita mkeka. Kikamkuta Mwamvita, kikasimama.

"Halo," ilisema sauti.

Haikukwaruza. Mwamvita alijua pale pale, kwa neno moja, kwamba si yeye na hajawahi kuwa yeye. Alifungua mdomo amuulize.

"Halo."

Halafu kimya. Pengine aliyekuwa huko alishangaa kuona mtu mwingine, pengine mtandao ulikwama. Na Mwamvita, mama wa watoto wawili, mtumishi wa serikali, alijikuta amesimama njiani kwenye mikorosho na ndoo kichwani, anangoja. Swali lake lilikuwa limepotea. Alichotaka ni kimoja tu, ile ya tatu ambayo kaka yake hakuwahi kumpa.

"Halo."

"Abee, kaka," alisema Mwamvita.

Hakuna aliyejibu. Kamera iliendelea kumtazama kwa muda, kisha ikageukia ukuta, na alipoangalia kwenye simu, mgeni alikuwa ametoka. Bi Sada alimtafuta mkono kwa kupapasa, akaushika.

"Ndiye?" aliuliza.

"Siye, mama."

"Mbona umeitikia?"

Mwamvita alilia mpaka kanga ya mama ikalowa begani, akimlilia kaka yake kwa mara ya kwanza kama anavyoliliwa mtu aliyekufa, na mama yake alimwacha alie.

Kabla ya kuondoka alipanda kwenye kigoda na bisibisi aliyoiazima kwa Mboni, akang'oa kamera ukumbini. Aliifunga nje, chini ya paa la mbele, ukuta ukiwa nyuma yake, ambapo hata ikizunguka vipi haiwezi kuona ndani. Mlango wa uani uliwekwa komeo, na Bi Sada hakubisha. Kumwangalia mama akamwachia Mboni, aliyehamia chumba cha uani na mwanawe. Ipyana alipouliza mambo ya kamera yameishia wapi, aliambiwa yako sawa.

Hayakuwa sawa, kwa hesabu za Ipyana. Elfu nane haikufutwa, na lile neno la kiwandani liko pale pale mpaka leo, asije mtu akakuta pamefungwa. Mchana, wenzake wa masjala wakienda kula, Mwamvita hufungua simu. Haonekani mama tena humo. Inaonekana njia nyembamba inayotoka kwenye mikorosho, ile aliyoshika Khalfani na begi lake, na kuku anayevuka. Mwamvita huiongeza sauti mpaka mwisho, akala chakula chake polepole, akisikiliza.